Usimuulize siasa, muulize sukari ilipatikanaje

Ukifika kwa bibi wa miaka 80 kule Kibosho au Marangu, mlimani Kilimanjaro, ukamwambia unataka akusimulie historia ya siasa ya nchi hii, atakuelekeza kwa mtu mwingine. "Mimi sijui siasa, baba. Nenda kwa mwalimu, yule alikuwa katibu wa chama." Mwalimu atakupokea vizuri, atakuwekea kiti nje, na atakupa hotuba. Hotuba hiyo ungeweza kuikuta kwenye gazeti la Uhuru la wiki ileile. Bibi uliyemwacha jikoni pengine ndiye aliyekuwa akiamka saa tisa usiku kuwahi foleni ya sukari, ndiye aliyeficha vitenge chini ya majani ya ng'ombe, na ndiye anayekumbuka ni nani kijijini alichukuliwa na akarudi baada ya muda gani.

Kosa lilikuwa kwenye swali. Neno siasa, kwa watu wengi wa umri wake, ni jina la kazi ya wengine: mkutano, mwenge, kadi ya chama. Yaliyompata yeye anayaita shida, au anasema tu "wakati ule". Kwa hiyo anayetaka kuandika miaka migumu ya Tanzania kupitia vinywa vya watu wa kawaida aiache siasa mlangoni, aingie na kilo, debe, bei na barabara. Sukari mlikuwa mnaipata wapi? Nani alikuwa anakwenda? Saa ngapi? Alikuwa anarudi na kiasi gani? Ikikosekana, chai mlikunywa na nini? Maswali hayo matano yanafungua kinywa ambacho "Unaikumbukaje enzi ya ujamaa?" haitakifungua hata ukikaa kutwa.

Huku kaskazini kilo na barabara zimebeba siasa nyingi. Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio mjini Arusha mwishoni mwa Januari 1967, na likatangazwa Februari 5. Mwaka 1971 serikali ilitwaa nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na katikati ya Arusha na Moshi wapangaji wakaanza kumlipa kodi Msajili wa Majumba. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa. Februari 1977 mpaka na Kenya ukafungwa, mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, na makarani wa makao makuu pale Arusha wakabaki na barua za kazi za mwajiri ambaye hayupo. Machi 1979, vita ya Kagera ikiwa bado inapiganwa, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi kupanga serikali ya baada ya Idi Amin. Machi 1983 ikaanza operesheni ya kuwakamata wahujumu uchumi, yaani walioshtakiwa kuficha na kulangua bidhaa.

Hayo yamo vitabuni. Asiyemo ni mtu wa tatu. Katika jengo lililotaifishwa kuna mwenye nyumba aliyeondoka, kuna serikali iliyochukua, na kuna fundi cherehani aliyekuwa akishona barazani, mpishi wa chumba cha uani, mlinzi aliyebaki na funguo usiku ule. Katika mkutano wa Moshi kuna waliopiga kura, na kuna waliopika, waliofua mashuka na waliowaendesha wajumbe. Malori ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda vitani. Mwenye lori anakumbuka hasara, lakini utingo anakumbuka njia yote. Kila ukianza tukio, andika kwanza majina ya kazi zilizokuwapo mahali pale, kisha umtafute huyo wa tatu. Mara nyingi hana la kutetea, na hajawahi kuulizwa.

Anza na sanduku

Kabla hujawasha kinasa sauti, omba kuona karatasi. Nyumba nyingi za mlimani zina sanduku la bati au la mbao chini ya kitanda: cheti cha ubatizo, kadi za kliniki, kadi ya TANU, picha za studio, na stakabadhi za kahawa zilizofungwa kwa uzi. Usizitoe nje ya nyumba hata ukiruhusiwa. Zipige picha mlangoni, kivulini, mbele na nyuma, kila moja na rula pembeni. Nyuma ya picha mara nyingi kuna mhuri wa studio, na nyuma ya stakabadhi kuna hesabu za penseli ambazo wakati mwingine zinasema kuliko upande wa mbele.

Stakabadhi ya kahawa inastahili subira. Mkulima anapeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi, inapimwa, anaandikiwa kilo na malipo ya kwanza. Malipo ya pili yanafuata baadaye, kahawa ikishauzwa. Hata kama tarehe imeliwa na mende, kichwa cha karatasi kinakupa kipindi. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ilianzishwa mwaka 1933, kwa hiyo miaka mingi jina lake ndilo lililo juu. Ushirika ulipovunjwa mwaka 1976, kahawa ikapita kwenye vijiji kwenda Mamlaka ya Kahawa. Mwaka 1984 KNCU ikarudi. Vichwa hivyo vya karatasi ni siasa ya nchi iliyochapwa juu ya jasho la mtu mmoja, na mwenye sanduku anaweza kuwa hajawahi kuvitazama kwa jicho hilo.

Zipange mezani mwaka kwa mwaka. Tuseme kaya ilipeleka gunia nne mwaka 1975, na moja na nusu mwaka 1978. Usikimbilie kuandika kwamba mavuno yalianguka. Huenda chulebuni, ugonjwa wa kahawa, iliingia na mrututu, dawa ya kupulizia, haukupatikana. Huenda kihamba, shamba la ukoo, kiligawanywa, kijana akaanza kuandikiwa jina lake. Huenda pia kahawa ilivuka mpaka kwenda Kenya. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazil, bei ya dunia ikapanda sana, na aliyekuwa akisubiri malipo ya pili upande huu alisikia vizuri bei ya upande wa pili. Kwa hiyo weka kidole kwenye karatasi, useme: "Bibi, hapa naona gunia moja na nusu. Nyingine ilikwenda wapi?" Halafu nyamaza. Hesabu hadi kumi kichwani kabla hujaongeza neno. Wakusanyaji wengi wapya hushindwa hapo: wanaogopa ukimya, wanamjibia ("Labda mvua ilikuwa mbaya?"), naye anakubali kwa adabu. Ukimwekea jibu mdomoni, umelipoteza la kwake.

Mpaka uliofungwa

Kwa watu wa Rombo, Himo na Holili, kufungwa kwa mpaka kuanzia Februari 1977 hadi Novemba 1983 ndiyo siasa kubwa ya maisha yao. Kuna waliokuwa na shangazi upande wa pili, shamba upande wa pili, soko la Taveta upande wa pili. Mpaka ulifungwa kwa magari. Kwa miguu kulikuwa na njia za panya.

Usiulize kama walifanya magendo. Neno hilo lilikuwa la hakimu, na bado lina harufu yake. Uliza mzigo: ulikuwa na kilo ngapi, ulibebwa kichwani au mgongoni, ulifungwa kwa nini ili usipige kelele. Uliza kilichokwenda na kilichorudi, maana bidhaa za kurudi ndizo orodha ya vilivyokosekana huku: sabuni, mafuta ya Kimbo, mitumba, dawa ya meno. Uliza walilala wapi kukipambazuka kabla hawajafika. Uliza mtoto mchanga aliachwa na nani.

Kisha mpe karatasi kubwa, hata nyuma ya kalenda ya zamani, achore njia. Asiyeandika achore kwa kijiti ardhini, wewe upige picha ukiwa umesimama. Siku nyingine itembee njia hiyo na mjukuu wake, simu ikipima umbali. Ikiwa alisema walikwenda na kurudi usiku mmoja, na simu inasoma kilomita 40, kuna kitu hakijakaa sawa kwa mtu mwenye mzigo wa kilo 25. Si kwamba amedanganya. Safari zilizofanywa mara nyingi huungana kichwani zikawa moja, na kipande cha safari ya kwanza kinashonwa na kipande cha safari ya ishirini. Rudi umuulize juu ya safari moja tu: ile aliyoumia mguu, au ile ya mwisho.

1983, na mambo yanayochanganyika

Hakuna mwaka unaosimuliwa sana mijini huku kama ule wa uhujumu, na hakuna unaohitaji uangalifu zaidi. Sheria ya mwaka 1983 iliunda mahakama maalumu. Mshtakiwa hakuwa na dhamana wala wakili, na sheria yenyewe ilirudi nyuma kukamata makosa yaliyofanyika kabla haijatungwa. Mwaka uliofuata ikabadilishwa, mashauri yakarudishwa chini ya Mahakama Kuu. Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyeiongoza operesheni ile, alikuwa mtoto wa Monduli. Alikufa kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, Aprili 12, 1984.

Kwa sababu hiyo simulizi za Arusha zina rangi mbili, na zote ni za kweli. Kuna familia ambazo usiku ule zilitupa bidhaa mtoni au kichakani, na baba akalala rumande kwa katoni za sabuni. Kuna familia ambazo wiki ileile zilipata sabuni kwa bei halali, nazo zinamwombea Sokoine hadi leo. Pengine wanakaa mtaa mmoja. Ukikusanya upande mmoja tu umeandika kipeperushi. Nenda nyumba zote mbili kwa maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, ili majibu yaweze kulazwa bega kwa bega.

Lakini mwaka wenyewe una tabia ya kumeza miaka mingine. Mtu atakwambia, "Mwaka ule wa uhujumu tulikula unga wa yanga," yaani mahindi ya njano kutoka nje. Unga huo ulikuja wakati wa ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, na ukaja tena mwanzoni mwa miaka ya 1980. Foleni za duka la kijiji na za RTC, kampuni ya serikali ya biashara ya mkoa, nazo zilidumu miaka. Hata katazo la kuendesha magari binafsi Jumapili baada ya saa nane mchana watu hulipeleka kwenye mwaka wowote waliokuwa na dhiki. Ukiandika tarehe kama ulivyoambiwa, msomaji mmoja mwenye kumbukumbu atakuangusha, na simulizi yote, hata sehemu zake za kweli, itatupwa.

Dawa yake ni kumfunga mtu kwenye kitu ambacho hakiwezi kuhama. Kwa wanawake, swali linaloyashinda mengine yote kwa ubora ni hili: "Mtoto gani alikuwa mgongoni?" Akisema kitinda mimba alikuwa hajaanza kutembea, unakwenda kwenye cheti cha ubatizo, au kwenye daftari la usharika. Makanisa ya Kilutheri na parokia za Kikatoliki za mlimani zimetunza ubatizo, kipaimara na ndoa kwa miongo mingi. Omba kwa mchungaji au paroko kwa barua, ukitaja jina moja tu unalolitafuta, maana daftari lile ni siri za watu wengine pia. Kwa Waarusha na Wamaasai, uliza rika: alikuwa morani wa rika gani, waliomtangulia walikuwa nani. Nyangusi, Seuri, Makaa, Landisi, Korianga: mpangilio huo hauyumbi hata kama mwaka wa kalenda unayumba. Kwa waliosoma, uliza darasa: kama alisomeshwa na walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yuko baada ya mwaka 1977. Kwa mwenye duka, uliza noti: shilingi ya Tanzania ilianza Juni 1966. Na kwa kila mtu uliza mvua, kwa sababu vuli na masika haziongopi.

Waliokuwa watoto

Mvua inasaidia hasa Ngare Nanyuki, kwa Wameru wa Mlima Meru. Kuanzia Novemba 17, 1951, serikali ya mkoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka ardhi yao ili igawiwe kwa wafugaji wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, watu wakapelekwa Kingori. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, mwakilishi wa Wameru, akiwa pamoja na wakili Earle Seaton aliyetokea Bermuda, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa New York na kulitaja jambo hilo kwa kinywa chake. Ni moja ya siku kubwa za nchi hii, na kila anayeandika juu ya Wameru huenda naye New York.

Walio hai leo hawakwenda New York. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1951 alizaliwa mwaka 1941. Ukimuuliza hoja za kesi hiyo ya ardhi atakurudishia alichosikia baadaye, na utadhani umepata shahidi. Muulize alichofanya mtoto. Nani alikuwa na mbuzi siku ile? Ulibeba nini mkononi? Mlilala wapi usiku wa kwanza, na kulikuwa na mvua? Moto uliuona au uliona moshi? Mlipofika Kingori maji mliyachota wapi, na ng'ombe wa kwanza kufa alikuwa yupi? Nyumbani mlichanga nini ili Kirilo aende? Swali hili la mwisho linagusa siasa yote: safari ile ililipwa kwa michango ya watu, na mtoto anakumbuka mbuzi aliyeuzwa.

Swali la moto au moshi lina sababu yake. Hapahapa Arusha, katika jengo lililojengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya, Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilisikiliza mashahidi zaidi ya 3,000 hadi ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Hukumu yake ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu aliyekuwa meya wa Taba, ilitolewa Septemba 2, 1998. Ndani yake majaji walieleza, wakimtegemea mtaalamu wa lugha Mathias Ruzindana, kwamba katika utamaduni wa kusimuliana kwa mdomo mtu anaweza kusema jambo alilosikia kwa namna ileile anayosema jambo aliloliona, bila nia yoyote ya kudanganya. Na kwamba wengi hawakuzoea kutaja tarehe, saa na umbali. Hawakuwatupa mashahidi kwa hilo. Waliuliza kila mara: uliona, au uliambiwa? Sisi nasi hatuna kisingizio. Weka alama tatu pembeni ya kila sentensi nzito kwenye nakala yako: aliona, aliambiwa na aliyeona, husemwa. Zisichanganyike.

Kesi hiyohiyo inafundisha jambo jingine. Mashtaka ya mwanzo hayakuwa na ubakaji. Mapema mwaka 1997 mwanamke mmoja, anayejulikana kwenye kumbukumbu kwa herufi J peke yake, alikuwa akieleza jinsi familia yake ilivyouawa, na bila kuulizwa akataja kwamba binti yake mdogo alibakwa. Angeweza kuachwa apite. Majaji, Navanethem Pillay akiwa mmojawao, wakauliza zaidi. Juni 1997 hati ya mashtaka ikaongezwa, na hukumu ikatambua kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Neno lililomtoka mtu pembeni ya swali ndilo lililobadili sheria ya dunia. Kwa hiyo orodha yako ya maswali iwe kitu cha kukurudisha ukipotea njia. Mwenye kusimulia akichepuka, mfuate.

Kazi ya kurekodi

Ripoti kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa ukiwa na barua. Mgeni anayeingia nyumba za watu na mashine bila taarifa anawatia watu mashakani. Baada ya hapo omba mwenyekiti asikusindikize. Akiwapo yeye, au balozi wa nyumba kumi wa zamani, majibu yote yatakuwa ya mkutano wa hadhara. Mjukuu ndiye msindikizaji bora: anajua bibi asikiapo vibaya, na anajua wakati wa kusimama. Msimu wa uchaguzi usifanye kazi hii kabisa.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo nenda na kilo mbili za sukari au sabuni. Itoe ukifika, pamoja na shikamoo, kabla hujasema unachotaka, ili isiwe bei ya maneno. Pesa kwa kila simulizi huharibu kijiji kizima: wiki ya pili kila mtu atakuwa alifungwa mwaka 1983.

Kikao kiwe dakika 60 hadi 90, na kwa mzee sana dakika 45 zinatosha. Panga vikao vitatu. Cha kwanza hutoa yale yaliyokwisha kusemwa mara nyingi. Cha pili, baada ya mtu kulala nayo, ndicho chenye mali. Fika saa tatu asubuhi. Mlimani mvua ya mchana ikianza kupiga bati, hakuna programu itakayoiondoa. Zima redio, omba friji ichomolewe, na kaa mbali na mashine ya kusaga. Maikrofoni iwe sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni. Ile ya kubana kwenye nguo inaharibiwa na khanga au shuka inayosugua, ibane kwenye ukosi. Ukitumia simu, iweke hali ya ndege. Rekodi faili la WAV, kilohezi 48, biti 24, njia moja (mono): saa moja ni kama megabaiti 520, na kadi ya gigabaiti 32 inabeba karibu saa 60. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali na kikao cha ngapi, kwa sababu karatasi ya maelezo hupotea, sauti hubaki. Usiku uleule weka nakala tatu, moja nje ya nyumba yako.

Saa moja ya Kiswahili safi huchukua saa sita hivi kuiandika neno kwa neno. Ikichanganyika na lugha ya nyumbani, saa nane hadi kumi. Na hapo watu hukosea wakidhani Kichaga ni kimoja. Mtu wa Machame hawezi kukuandikia maneno ya mtu wa Rombo; tafuta mwandishi wa tarafa ileile, umri usiopungua miaka 40, kwa maana maneno ya kilimo cha zamani na ya mfongo (mfereji wa maji ya kumwagilia) vijana wengi hawanayo. Neno la lugha ya nyumbani liache lilivyo, maana yake weka kando.

Ridhaa iulizwe mara mbili: kabla ya kuanza, na baada ya msimulizi kusikia alichosema. Isomwe kwa sauti, iwe ukurasa mmoja. Jina litajwe au lisitajwe? Nani aruhusiwe kusikia? Baada ya kufa kwake, nani aamue? Tangu sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022 hili si suala la adabu peke yake. Kumbuka pia kwamba kuna ambao hawakukupa ridhaa: jirani aliyechoma jina la mtu polisi, mjumbe aliyebagua kwenye mgawo. Kuwaita "jirani wa juu ya mfongo" si kuwaficha, kijiji kizima kinamjua. Ondoa mfongo, ondoa kazi yake, badilisha hata idadi ya watoto, na sema wazi kwenye maandishi kwamba umebadilisha. Mazungumzo yakiingia mipaka ya kihamba, zima mashine. Sauti ile siku moja itapelekwa baraza la ardhi, na wewe utakuwa umewapiganisha ndugu.

Kuiandika

Usimsanifishe bibi. Akisema "tulikuwa tunapanga mawe, sisi wenyewe tumelala," hiyo ndiyo foleni ya sukari, watu waliweka jiwe mahali pao. Ukigeuza kuwa "wananchi walikabiliwa na uhaba wa bidhaa muhimu" umemrudisha yule mwalimu. Sheria na tarehe viingie kwa mstari mmoja mmoja, mahali msimulizi alipokutana navyo, visitangulie kama mlima. Anza siku ya tukio, si utotoni. Na simulizi mbili zikipingana juu ya nani alianza kuchoma au duka lipi lilivunjwa, zichapishe zote mbili zikiwa zimeandikwa kila moja ilikotoka na kama aliyesema aliona. Kazi ya kuzipatanisha waachie wenyewe siku ya kuwasomea.

Siku hiyo lazima iwepo. Rudi na nakala iliyochapwa kwa herufi kubwa, mjukuu asome kwa sauti, bibi asahihishe. Atasahihisha bei kwanza, kisha majina ya ng'ombe, na mwisho, chai ikishamiminwa, ataongeza lile ambalo hakulisema katika vikao vyote vitatu. Uwe na kinasa sauti mfukoni, uombe ruhusa upya.

Kuhusu nani aanze, hesabu ni ya umri. Orodha ya kwanza iwe ya waliozaliwa kabla ya mwaka 1945, kwa ajili ya Ngare Nanyuki, Mangi Mkuu Marealle (mtawala wa Wachaga) na miaka ya kahawa ya mwanzo. Wa mpaka na wa uhujumu wana muda kidogo zaidi. Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, nyumba zina kelele mno kwa kurekodi, lakini ndugu wote wapo: itumie kufungua sanduku, kutaja walio kwenye picha na kupata namba za simu. Januari wageni wakishaondoka, mvua ikiwa imekatika na bibi amebaki peke yake na mjukuu mmoja, panda mlima na kinasa sauti.